Taa Kabla ya Wavu
Mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo wa Kasha, Bukavu

  

Nianze na methali ambayo wengi wetu tumeisikia tangu utoto: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Naipenda methali hii. Lakini leo nataka kubishana nayo kidogo, kwa heshima, kama mtu anavyobishana na mzee aliyemlea. Hapa Kasha nimewaona watu wenye chema ambacho hakijiuzi. Mama ana kuku wanaotaga, mayai ni ya asubuhi hii, na chini mjini watu wananunua mayai yaliyosafiri siku kadhaa. Fundi cherehani anashona sare ya shule ambayo mshono wake haufumuki mpaka mtoto akue aiache, na mzazi wa Ibanda kule mjini hajawahi kusikia jina lake.

Methali haikutudanganya. Ilizaliwa mahali ambapo kila mtu anaiona meza ya mwenzake. Ukiweka chema kando ya kibaya mezani, jicho la mnunuzi linamaliza kazi. Kasha sivyo ilivyo. Kasha ni vilima vya upande wa Bagira, nusu mji nusu mashamba, na mvua ikinyesha njia inageuka tope, mteja anaghairi safari. Chema kilichokaa kilimani hakiwezi kujiuza kwa mtu asiyejua kama kipo.

Kwa hiyo neno langu leo ni moja. Simu haiwezi kukifanya kibaya kiwe chema. Inaweza kukifanya chema kionekane, na kuonekana huko kunaanza na watu wachache wanaokujua tayari. Anayeanza na maelfu ya wageni ameanzia mwisho.

Somo la wavuvi wa sambaza

Walimu wa biashara hii tunao wenyewe, na wanafanya kazi usiku. Mnawajua wavuvi wa ziwa Kivu. Wanafunga mitumbwi mitatu pamoja, wananyoosha miti mirefu mbele na nyuma, wanaimba ili makasia yaende pamoja. Wanachotafuta ni sambaza. Samaki huyu hakuwa wa ziwa letu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna jikoni Bukavu lisilomjua. Jina lake linafanana na kitenzi chetu cha kusambaza, na mimi nalichukua kama zawadi ya lugha kwa mhadhara huu.

Angalieni mpango wa kazi yao. Mvuvi hafukuzi samaki gizani. Anawasha taa, anangoja. Viumbe vidogo vya majini vinaisogelea, na sambaza wanavifuata. Wakishakusanyika ndipo wavu unapoinuliwa. Taa inatangulia, subira inafuata, wavu unamaliza.

Sasa wengi wetu tunafanyaje na simu? Tunaanza na wavu. Mtu anafungua WhatsApp asubuhi, anajiunga na makundi ishirini, anatupa neno moja kila mahali: nunueni, nunueni, nunueni. Hakuna aliyewasha taa, hakuna anayejua mtupaji ni nani, na jioni anasema biashara ya mtandaoni ni uongo.

Somo la pili la mvuvi ni la mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, uvuvi wa taa hupungua sana, kwa sababu ziwa zima lina mwanga na taa ya mtumbwi haivuti tena. Ndivyo yalivyo makundi makubwa, na ndivyo ulivyo mkesha wa Noeli, wakati kila mtu anatangaza vitenge na viatu. Taa yako ndogo haionekani penye mwanga mwingi. Tafuta giza lako, yaani hitaji dogo ambalo wengine hawalimuliki: mayai ya kila Jumatano kwa wapishi wa vibanda, au kurekebisha sare mwezi wa nane kabla ya shule kufunguliwa.

Anza na daftari

Nilikua nikimtazama mama yangu akiuza maharagwe. Kipimo chake kilikuwa kopo la maziwa la Guigoz, na juu ya kopo aliongeza matabishi, konzi moja ya mkono. Hakuwa na daftari, lakini kichwani alimjua kila mteja: huyu anapenda maharagwe ya manjano, huyu analipa mwisho wa mwezi, huyu ana harusi ya binti karibuni. Ukimwuliza leo neno la masoko ya mtandaoni, atasema halijui. Nami nasema alikuwa nalo zima. Alikosa chombo cha kulifikisha ng'ambo ya kilima.

Basi kabla hujanunua mega hata moja ya intaneti, nunua daftari. Andika majina arobaini ya watu waliowahi kukulipa au wanaokuamini: majirani, wenzako wa kanisa au msikiti, wanachama wa kikundi chako cha akiba, iwe likelemba, AVEC au MUSO, walimu wa shule ya watoto wako, motari anayekubeba kwa pikipiki. Mbele ya kila jina andika namba yake, alichonunua, na siku. Usisahau ndugu walio mbali. Kuna watoto wa Bukavu Ubelgiji na kwingineko wanaotaka kumlisha mama yao aliyebaki hapa. Mmoja wao akijua kuwa wewe, jirani wa mama yake, unaweza kupeleka trei ya mayai na gunia la maharagwe na kumtumia picha ya mama akipokea, amepata huduma ambayo duka kubwa haliwezi kumpa.

Kisha omba ruhusa. Mwambie kila mmoja: ninaanza kutumia simu kwa biashara yangu, je, nikutumie habari mara moja kwa wiki? Naomba uhifadhi namba yangu kwa jina hili. Hilo ni adabu, na pia ndivyo chombo kinavyofanya kazi. WhatsApp ina orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi, hadi 256, na kila mmoja anaupokea kama wake peke yake. Lakini unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Asiyekuhifadhi hakusikii. Watu arobaini waliokubali wana thamani kuliko elfu moja walioburutwa.

Kuwasha taa

Mwenye simu ya kugusa, hata ndogo, na apakue WhatsApp Business. Ilitoka mwaka 2018, haina malipo, na ilitengenezwa kwa biashara ndogo. Ndani yake unaandika jina la biashara, saa za kazi, na mahali ulipo. Hapo pa mahali, usiandike Kasha peke yake. Andika alama ambayo motari anaijua, kanisa, shule au kituo cha afya. Kuna pia katalogi, yaani meza yako ya soko ndani ya simu: picha, jina la kitu, bei. Mteja anayeuliza usiku una nini anaiona meza bila kukuamsha.

Piga picha mchana, nje, kivulini, jua lisichome kitu. Tandika kitenge safi cha rangi moja. Weka kitu kinachojulikana kando ili ukubwa uonekane, kama chupa au mkono wa mtu. Na picha iwe ya mali yako. Niliwahi kuagiza viatu kwa picha nzuri iliyochukuliwa mahali pengine. Nilipofungua mfuko nilikuta vitu tofauti kabisa. Sikudai fedha yangu, lakini hadi leo sijarudi kwa muuzaji yule, wala sijamtuma mtu kwake.

Bei iandike. Najua tumezoea kusema njoo tuongee, na kupatana bei ni furaha ya soko. Lakini kwenye simu, mteja asiyeona bei anafikiri ni kubwa, au anafikiri utamtazama mfuko kwanza. Nchi yetu inatumia faranga na dola pamoja, kwa hiyo sema bei ni kwa fedha ipi, na mlipaji akitaka kutumia nyingine, unabadilisha kwa kiwango gani leo. Mstari huo mmoja unazuia ugomvi mwingi mlangoni.

Kisha kuna statu, picha au maneno yanayokaa saa 24 na kutoweka. Hapa ndipo taa inapowaka kila siku, na hapa wengi wanakosea kwa kuweka bei tupu. Onyesha kazi. Jumatatu, kuku wakilishwa. Jumanne, mkono ukiokota yai. Jumatano, trei zikifungwa. Alhamisi, mteja aliyekubali kupigwa picha akipokea. Ijumaa, namna ya kujua yai jipya kwa kulitia ndani ya maji: la jana linalala chini, la zamani linasimama au kuelea. Siku hiyo hukuuza kitu, ulifundisha, na anayekufundisha bure unamkumbuka unapotaka kununua.

Na tumieni sauti. Si kila mteja anasoma, na si kila mama wa Kabare au Walungu anapenda Kifaransa cha matangazo. Ujumbe wa sauti wa nusu dakika kwa Kiswahili chetu, au kwa lugha ya Mashi, unafika moyoni mahali maandishi hayafiki. Msalimie, taja ulichonacho, taja bei, taja siku. Wasio na intaneti wasiachwe: ujumbe mfupi wa kawaida una nafasi ya herufi 160, na hizo zinatosha kwa mtu anayejua anachotaka kusema.

Facebook nayo ina watu wengi wa Bukavu, na ukurasa wa biashara ni mzuri kwa anayekutafuta kwa jina. TikTok inampendeza fundi, kwa sababu kazi ya mikono ni tamu kutazama. Lakini hayo ni mitumbwi ya pili na ya tatu. Hakikisha kwanza ule wa kwanza unaelea.

Kuinua wavu

Taa imevuta. Mtu ameuliza: bado yapo? Hapa ndipo wengi wanapopoteza samaki waliokwisha kusanyika. Jibu linakuja kesho, au linakuja neno moja, ndiyo, halafu kimya. Mteja aliyeuliza saa mbili na kujibiwa saa tisa ameshanunua penginepo. WhatsApp Business inakuruhusu kuandaa majibu ya haraka na salamu ya kupokea mtu ukiwa shambani. Tayarisha majibu matatu: bei na kipimo, jinsi ya kulipa, siku na njia ya kupeleka. Ukishayaandika vizuri mara moja, hutahangaika kila siku.

Malipo tunayo mkononi. M-Pesa ya Vodacom ilianza Kongo mwaka 2012. Airtel Money na Orange Money zipo pia. Mwanzoni wengi tuliziona kama njia ya kumtumia mwanafunzi karo. Vita ilipofika mjini mwetu Februari 2025, benki zilifunga milango na noti zikawa adimu, tukaona kwamba simu imekuwa pia pochi ya soko. Zaidi ya hayo, sote tunajua uchungu wa dola iliyochanika kidogo pembeni na kukataliwa na kila mtu. Dola iliyo ndani ya simu haichaniki.

Ila kuna kanuni tatu za malipo, na naomba vijana wawafundishe wazazi wao. Ya kwanza: usiamini ujumbe unaosema umepokea, fungua pochi yako utazame salio lenyewe, kwa sababu matapeli wanaandika ujumbe unaofanana. Ya pili: anayepiga akidai ametuma kwa makosa na anataka umrudishie, mwelekeze kwenye kampuni ya simu, usirudishe kwa mkono wako. Ya tatu: namba ya siri haisemwi kwa mtu yeyote, hata kwa anayejitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo.

Kupeleka ni kazi ya motari, basi mchague kama unavyochagua mshirika. Patana naye bei ya kila mtaa mapema, Kadutu kiasi fulani, Nyawera kiasi fulani, na mweleze mteja kabla hajalipa. Bei ya usafiri inayozuka mlangoni inaharibu kazi ya wiki nzima. Na katika mzigo wa kwanza weka matabishi. Yai moja la ziada, uzi wa rangi ya sare, kipande cha kitambaa. Mama yangu hakujua neno utafiti, lakini alijua kuwa konzi ile moja ndiyo iliyomrudisha mteja.

Kupima

Mfanyabiashara asiyepima anavua gizani. Kila Jumapili jioni andika namba nne ndani ya daftari lako: wangapi wameona, wangapi wameuliza, wangapi wamenunua, wangapi wamerudi. Tuchukue mfano wa kubuni. Statu yako imetazamwa na watu 40, 12 wameuliza, 3 wamenunua, 2 kati yao ni wa zamani. Namba hizo zinasema nawe. Walioona ni wengi na waliouliza kwa hamu ni 12, basi taa inawaka. Lakini 9 waliuliza wakaondoka, basi wavu una tundu. Tundu liko wapi? Rudi usome mazungumzo. Labda waliondoka uliposema bei ya motari. Labda ulichelewa kujibu. Huhitaji kutangaza zaidi wiki hiyo. Unahitaji kuziba tundu.

Andika pia ulichotumia: mega, yunite za kupiga simu, malipo ya kuchaji simu siku ambazo SNEL imekata umeme. Gawanya kwa wateja wapya. Kama kumpata mteja mmoja kunakula faida yote ya trei yake ya kwanza, usiogope, mradi arudi. Kama harudi, ujue unanunua wateja, huwafugi.

Yanayoweza kuzima taa

Rezo, yaani mtandao, hukatika, nasi tunajua inaweza kukatika kwa muda mrefu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilifungwa nchini kote kwa takribani wiki tatu, hadi Januari 2019. Aliyekuwa na wateja mtandaoni tu alibaki amefunga mikono. Aliyekuwa na namba ndani ya daftari aliendelea kupiga simu. Kwa hiyo daftari lile la majina arobaini si hatua ya kuanzia tu. Ni akiba yako ya siku mbaya. Simu huibwa, akaunti hufungwa, ukurasa wa Facebook si shamba lako bali umekodi. Majina na uaminifu ni mali yako.

Sheria nayo ipo. Tangu Machi 13, 2023, nchi yetu ina Code du numérique, sheria ya dijitali inayogusa biashara ya mtandaoni na ulinzi wa habari za watu. Sitawasomea vifungu. Nitasema tu kwamba namba ya mteja amekupa kama amana. Usiiuze, usiitupe ndani ya kundi la watu mia asiowajua, na akisema acha kunitumia, acha siku hiyo hiyo. Na anayefanya biashara kwa patente yake, yaani kibali cha biashara ndogo, aihifadhi vizuri, kwa sababu mteja mkubwa, kama shule au hoteli, ataiuliza.

Kuna jambo moja la mwisho, na ni zito kuliko yote. Sisi Wakongo tuna chombo cha habari cha zamani, radio trottoir, habari zinazotembea kwa midomo ya watu barabarani. Simu haikuiua. Imeipa miguu. Mteja aliyepata yai bovu zamani aliwaambia majirani watatu kisimani. Leo anapiga picha, na kabla jua halijazama Bagira nzima imeona. Ukikosea, usibishane mbele ya watu. Sema nimekosea, rudisha fedha au badilisha mali, kisha eleza umerekebisha nini. Nimeona biashara zilizopata wateja zaidi baada ya kosa lililoungamwa vizuri kuliko baada ya tangazo zuri.

Kurudi kwa methali

Nilianza kwa kubishana na wahenga, na sasa narudi kuwapigia magoti. Chema chajiuza, walisema kweli. Wao walikuwa sokoni, penye mwanga. Sisi tuko kilimani, na kazi yetu ni kuleta mwanga huo hadi hapa. Lakini nusu ya pili ya methali ndiyo onyo letu: kibaya chajitembeza. Kelele nyingi bila kazi nzuri nyuma yake ni kibaya kinachotembea, na simu inakifanya kitembee haraka hadi kila mtu akijue kuwa kibaya.

Naomba msitoke hapa na mpango mkubwa. Tokeni na kazi ya usiku mmoja. Leo, baada ya kula, chukua karatasi na uandike majina arobaini. Ukikwama kwenye la kumi na tano, usikasirike. Umejifunza kuwa una kazi ya kujenga watu kabla ya kujenga ukurasa. Ukifika arobaini, kesho asubuhi mpigie wa kwanza. Usimwuzie kitu. Mwulize tu yai la mwisho alilonunua kwako lilikuwaje, au sare ya mtoto imefikia wapi. Msikilize hadi mwisho.

Kutoka vilima hivi, usiku ambao ziwa ni tulivu, taa za wavuvi zinaonekana mbali, moja hapa, nyingine kule, kila moja juu ya mitumbwi yake mitatu. Hakuna hata moja iliyo kubwa. Lakini asubuhi, huko Kadutu, mabeseni yamejaa.